Freddie Mercury: Mtoto wa Unguja na ubishi usioisha wa albamu za Queen

Haya wadau, leo tuiweke siasa pembeni kidogo tuongee muziki. Si bongo fleva, si taarab. Leo ni rock, tena ile ya zamani. Najua wapo walioanza kununa, lakini vumilieni, maana jamaa tunayemwongelea ni wa hapa hapa kwetu. Kazaliwa Mji Mkongwe, Unguja.

Kundi lenyewe ni Queen la Uingereza. Waweke mashabiki wawili wa Queen meza moja, waulize albamu ipi ni kali kuliko zote, halafu agiza chai. Chai itapoa, vitumbua vitaisha, na hawajakubaliana. Mmoja atasema A Night at the Opera, mwingine atacheka na kusema huyo hajui kitu, Queen II ndiyo mpango mzima. Wa tatu akipita njia ataingilia na The Game. Ubishi huu una miaka chungu nzima na hauna refa.

Mimi nadhani wengi wanabishana wakiwa wameanzia mwisho. Wanapima albamu kwa kuhesabu vibao vilivyotamba redioni. Ukitaka kuzipima vizuri lazima umjue kwanza aliyesimama mbele ya maiki. Basi tuanze na yeye, albamu zitafuata zenyewe.

MTOTO WA MZEE BULSARA

Jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara. Kazaliwa tarehe 5 Septemba 1946, wakati Unguja bado iko chini ya ulinzi wa Mwingereza na Sultani yuko kwenye kiti. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa keshia katika serikali ya Waingereza pale pale mjini. Mama yake aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, India, watu wa dini ya Zoroaster, ile dini kongwe ya Uajemi. Mwaka 1952 akazaliwa mdogo wake wa kike, Kashmira.

Akiwa na umri wa miaka kama minane hivi wazazi wakampakia meli kwenda India kusoma. Shule yenyewe ilikuwa St. Peter's, bweni, huko Panchgani, milimani si mbali sana na Bombay. Hebu fikiria mtoto wa darasa la pili au la tatu anavuka bahari nzima kuwaacha mama na baba. Huko ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie, na huko ndiko alikojifunza piano. Akaimba kwaya ya shule, halafu yeye na wenzake wanne wakaanzisha bendi ya shuleni iliyoitwa The Hectics. Wakati huo hakuwa mwimbaji mkuu, alikuwa mtu wa kinanda.

Kitu kingine, alikuwa na meno manne ya ziada mdomoni, yaliyosukuma ya mbele yakatokeza nje. Wenzake walimtania sana kwa hilo. Baadaye alipopata pesa za kurekebisha alikataa, akihofia sauti yake ingebadilika. Ndiyo maana kwenye picha nyingi utamwona anafunika mdomo akicheka.

Mwaka 1963 akarudi Unguja. Hakukaa sana. Desemba 1963 ikaja uhuru, na tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Historia hiyo wote mnaijua, sina haja ya kurudia. Familia ya Bulsara ikafungasha, mwaka huo huo wakahamia Uingereza, wakaishi Feltham, kitongoji cha London karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Freddie alikuwa na miaka 17. Kutoka kwenye nyumba ya keshia wa serikali Shangani hadi kitongoji cha baridi ambako hakuna anayekujua, hilo si jambo dogo kwa kijana.

MCHUUZI WA NGUO ANAYETAKA KUWA STAA

Uingereza Freddie alisoma sanaa na uchoraji wa matangazo katika chuo cha Ealing, akamaliza mwaka 1969. Ili maisha yaende alibeba mizigo Heathrow, na akauza nguo za mitumba kwenye kibanda huko Kensington Market akiwa na rafiki yake, mpiga dramu Roger Taylor. Ndiyo wadau, mitumba. Wale wa Karume na Manzese mnamwelewa vizuri.

Roger na mpiga gitaa Brian May walikuwa na bendi yao, Smile. Mwimbaji wao alipojiondoa mwaka 1970, Freddie akaingia. Akaibadilisha jina ikawa Queen, na yeye mwenyewe akabadilisha jina la ukoo akawa Mercury. Mwaka 1971 akapatikana mpiga besi, John Deacon, na kuanzia hapo hao wanne hawakuachana mpaka kifo. Bendi nyingi kubwa hubadilisha watu kama timu ya daladala. Queen hawakubadilisha hata mmoja.

Nembo ya kundi aliichora Freddie mwenyewe kwa elimu yake ya Ealing, kwa kutumia nyota za kuzaliwa za wanachama wote wanne: simba wawili, kaa mmoja, na visichana viwili vyenye mabawa vikimwakilisha yeye. Tangu siku ya kwanza huyu jamaa alijiona staa, hata mfukoni palipokuwa hakuna kitu.

KAMBI YA KWANZA: QUEEN II

Albamu ya kwanza, Queen, ilitoka 1973. Haikuvuma sana. Mwezi Machi 1974 ikaja Queen II, na hapa ndipo ubishi unapoanzia.

Queen II haikugawanywa upande wa kwanza na wa pili kama santuri nyingine. Iligawanywa upande mweupe na upande mweusi. Mweupe karibu wote ni wa Brian May. Mweusi wote ni wa Freddie, kila wimbo. Majitu ya hadithini, malkia mweusi, bahari saba, sauti juu ya sauti, mdundo unabadilika kabla hujauzoea. Wanazi wa kambi hii hawataki kusikia habari ya vibao vya redioni. Kwao Freddie halisi ndiye huyu, kabla pesa hazijaingia.

Hoja yao ina uzito. Fikra zote zilizokuja kuwafanya matajiri ziko humo tayari. Hata ile picha maarufu ya nyuso nne gizani, inayoonekana kwenye video ya Bohemian Rhapsody, imetoka kwenye jalada la Queen II, na aliyeipiga ni Mick Rock. Tatizo lake ni moja: bado ni albamu ya watu wawili. Deacon hajaandika hata wimbo mmoja, Roger kaandika mmoja tu.

Mwishoni mwa mwaka huo huo wakatoa Sheer Heart Attack, yenye Killer Queen iliyofika namba mbili Uingereza. Humo wanne wote wameandika. Wapo wanaosema hii ndiyo albamu ya kwanza ya Queen kama bendi, na mimi nawaunga mkono.

KAMBI YA PILI: A NIGHT AT THE OPERA

Mwaka 1975 Queen walikuwa na jina lakini hawakuwa na pesa. Walikuwa wamegombana na kampuni ya Trident iliyowasimamia, wakaachana nayo. Albamu iliyofuata ilikuwa ya kufa au kupona. Wakitoka kapa, basi kila mtu arudi kwenye kazi yake: Brian akamalizie udaktari wake wa elimu ya nyota, Roger na Freddie warudi kuuza mitumba.

Ikatoka A Night at the Opera, Novemba 1975, na ndani yake Bohemian Rhapsody. Wimbo una dakika karibu sita, hauna kiitikio, unaanza kama mtu anaungama kwenye piano, unaingia kwenye opera, unalipuka rock, unaisha kimya. Freddie aliukaa kichwani kwanza, wenzake wakawa wanamfuata. Sauti zile zinazosikika kama kwaya ya watu mia ni za watu watatu tu, Freddie, Brian na Roger, walioimba na kurudia na kurudia huku tepu ikijazwa. Kompyuta hakuna, wadau. Ni mkono na sikio. Na katikati ya opera yote ile jamaa kaweka Bismillah, neno ambalo mtoto yeyote aliyekulia Mji Mkongwe amelisikia kabla ya kila mlo, awe wa dini gani.

Wakubwa wa kampuni ya santuri waliona ni ndefu mno kwa redio. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio akaipata, akaipiga mara 14 katika wikiendi moja. Wimbo ukakaa namba moja Uingereza wiki 9. Ukarudi namba moja tena baada ya Freddie kufariki, mwishoni mwa 1991.

Kambi hii ndiyo kubwa, na si kwa bahati. Humo kuna rock, kuna nyimbo za ukumbi wa zamani, kuna You're My Best Friend ya Deacon, kuna Love of My Life ambayo viwanja vizima Amerika Kusini viliimba huku Freddie kanyamaza akisikiliza. Kama mtu hajawahi kusikia Queen, mpe hii.

KAMBI YA TATU: VIBAO VYA UWANJANI

News of the World ya 1977 ilileta We Will Rock You ya Brian na We Are the Champions ya Freddie. Hata asiyejua Queen ni nani ameshazisikia siku timu fulani inapokabidhiwa kombe. Jazz ya 1978 ikaanza na Mustapha, wimbo wenye maneno yanayosikika Kiarabu na Kiajemi, ambao Wazungu wengi mpaka leo hawajui waufanyeje. Sisi wa pwani tunaucheka kwa sababu tunaujua mtaa uliotokea.

Halafu ikaja The Game, 1980. Hii ndiyo albamu pekee ya studio ya Queen iliyofika namba moja Marekani. Another One Bites the Dust ya John Deacon, mtu mkimya kuliko wote, ilishika besi ya kidansi ikachezwa hadi kwenye disko za Wamarekani weusi. Baada ya hapo wakalewa sifa, wakatoa Hot Space mwaka 1982, karibu yote disko, wakachemsha. Under Pressure waliyoimba na David Bowie ndiyo inayoiokoa. Ingawa nao wapo wanaoitetea, na mimi nawaheshimu kwa ujasiri wao.

DOA LA SUN CITY

Mwandishi anayempenda mtu asifiche madoa yake. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga shoo Sun City, ndani ya Bophuthatswana, kwenye kale kanchi bandia ka makaburu. Wakati huo Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii waisusie Afrika Kusini. Mandela yuko gerezani, wapigania uhuru wa ANC wako Morogoro kwetu, na mtoto wa Unguja anaimba kwa makaburu. Chama cha wanamuziki Uingereza kiliwapiga faini, na jina lao likaingia kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya waliovunja mgomo. Wao walijitetea kwamba si watu wa siasa. Utetezi huo haukutosha wakati ule na hautoshi leo.

Mwaka uliofuata, tarehe 13 Julai 1985, ikawa Live Aid, tamasha la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Wengi waliamini Queen wamekwisha. Freddie akapanda jukwaani Wembley na singlendi nyeupe, mbele ya watu wapatao 72,000, akapewa dakika 20 hivi. Alifunika kila mtu siku ile. Tafuta video uone mikono ya uwanja mzima inavyopiga makofi kwa pamoja kwenye Radio Ga Ga. Hakuna aliyeelekezwa.

SIRI NA ALBAMU YA MWISHO

Maisha yake ya ndani aliyafunga kwa kufuli. Aliishi miaka kadhaa na Mary Austin, wakaachana kimapenzi lakini akabaki rafiki yake wa karibu kuliko wote, na ndiye aliyemrithisha nyumba yake ya Kensington. Baadaye aliishi na wanaume, na Jim Hutton ndiye aliyekuwa naye hadi mwisho. Hayo hakuyatangaza.

Shoo ya mwisho na Queen ilikuwa Knebworth, tarehe 9 Agosti 1986. Mwaka 1987 aliambiwa ana virusi vya ukimwi. Kwetu ugonjwa huu ulikuwa umeshaonekana tangu 1983 kule Kagera, na watu walikuwa wanazikwa bila kutajwa kilichowaua. Freddie naye alifanya hivyo hivyo. Aliwaambia watu wa karibu tu. Magazeti ya udaku ya London yakawa yanamvizia mlangoni na kamera kila alipokonda, yeye anakana.

Hapa tumkumbuke na Philly Lutaaya wa Uganda, yule wa Born in Africa. Mwaka 1989 alirudi kutoka Sweden akasimama mbele ya watu akasema anao ukimwi. Alitukanwa, wengine wakasema anatafuta soko la santuri. Akazunguka mashuleni na makanisani akiwaonya vijana hadi alipofariki Desemba 1989. Wanamuziki wawili, ugonjwa mmoja, miaka ile ile. Mmoja alisema mapema akaokoa watu, mwingine alisema siku moja kabla ya kufa. Siwahukumu, kwani dawa za kurefusha maisha kama tulizonazo sasa hazikuwepo na unyanyapaa ulikuwa wa kutisha. Lakini tofauti yao tuiseme.

Freddie alichokifanya na muda wake ni kuingia studio. Innuendo ilirekodiwa London na Montreux, Uswisi, kuanzia 1989 hadi 1990, ikatoka Februari 1991. Wimbo unaobeba jina la albamu una zaidi ya dakika sita, unaingia gitaa la Kihispania katikati halafu unarudi na radi, kama mdogo wake Bohemian Rhapsody. The Show Must Go On sehemu kubwa ni ya Brian May, naye alihofia kwamba mgonjwa hataweza noti zile za juu. Freddie akapiga funda la vodka, akaimba, akamaliza. Isikilize ukijua kwamba mwenye sauti ile alikuwa anatembea kwa shida.

Mei 1991 akapiga video ya mwisho, These Are the Days of Our Lives, ya rangi nyeusi na nyeupe ili kukonda kusionekane sana. Akarekodi pia Mother Love. Hakuwahi kurudi kuumalizia, ubeti wa mwisho akauimba Brian. Upo kwenye Made in Heaven, albamu ambayo wenzake waliikamilisha na kuitoa 1995.

Tarehe 23 Novemba 1991 akatoa taarifa kwa umma kwamba ana ukimwi. Jioni ya tarehe 24 akafariki nyumbani kwake, akiwa na miaka 45. Mazishi yakaongozwa na makasisi wa dini ya wazazi wake. Baada ya safari yote ile, aliagwa kama mtoto wa Mzee Bulsara. Brian na Roger waliendelea kuchangisha fedha za ukimwi kupitia mfuko wa Mercury Phoenix Trust, na mwaka 2003 walikuwa Cape Town kwenye tamasha la 46664 la Mzee Mandela dhidi ya ukimwi. Afrika Kusini ileile, sasa kwa njia sahihi.

UNGUJA NA MTOTO WAKE

Hapa nyumbani hatujawahi kukubaliana tumfanyeje. Mwaka 2006, alipokuwa angetimiza miaka 60, sherehe iliyopangwa Unguja ilipingwa vikali na wanaharakati wa dini waliosema maisha yake yanachafua jina la visiwa. Mwaka 2019 jumba la makumbusho lake likafunguliwa Shangani, na watalii wanapanga foleni. Mimi nasema mtu hachagui pa kuzaliwa, na pa kuzaliwa hapamchagui mtu. Alizaliwa pale, basi. Anayetaka kumkataa amkatae, cheti cha kuzaliwa hakifutiki.

SASA JIBU LANGU

Nachagua Innuendo. Najua mawe yanakuja, lakini nisikilizeni.

Sisemi haina udhaifu. Ni ndefu, na wimbo wa Delilah alioutunga kwa ajili ya paka wake ungeweza kubaki nyumbani na paka mwenyewe. A Night at the Opera haina wimbo wa kutupa namna hiyo. Lakini Opera ni kazi ya vijana wanaotaka kuthibitisha kuwa wanaweza kila kitu. Innuendo ni kazi ya watu wanaojua wanaweza, na wanajua muda hakuna. Ujanja wote wa Queen II na Opera umo, ila safari hii hauringishwi, unatumika.

Kuna watakaosema tunaipenda kwa huruma tu, kwa kuwa mwenyewe alikufa. Hapo ndipo mnapokosea. Innuendo ilifika namba moja Uingereza Februari 1991, miezi tisa kabla ya kifo, wakati mashabiki hawajaambiwa kitu zaidi ya fununu za magazeti. Waliinunua kwa sababu ni nzuri. Huruma ilikuja baadaye.

Haya, uwanja ni wenu. Wa Queen II, wa Opera, wa The Game, hata yule mmoja wa Hot Space, karibuni. Sharti moja tu: isikilizeni kwanza albamu nzima mwanzo mwisho, si kibao kimoja, ndipo mje kubisha. Matusi sitaki, hoja nazitaka.